Pwani Iliyooshwa Mara Mbili



Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 24 Machi 1989, meli iitwayo Exxon Valdez ilipanda mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, nchi ya Alaska, huko Marekani. Mafuta yapata galoni milioni 11 yakamwagika. Wenyeji wa Chenega wakalia tena. Maana kijiji chao cha kale kilikuwa kimechukuliwa na wimbi la bahari siku ya Ijumaa Kuu, mwaka 1964.

Basi watu wakaja upesi kusafisha. Wakayapiga mawe ya pwani kwa maji ya moto yenye nguvu, nayo yakatakata. Walakini wenye elimu walipochungua waliona ya kuwa maji yale yaliua kome, mwani, na vinginevyo vilivyosalimika na mafuta. Tena mahame ya wazee yaliyofichika yakajulikana na wengi, na wezi wakayafukua baadhi yake. Hivyo msaada ukawa jeraha la pili.

Ndipo walipojifunza. Fedha za fidia zikanunua misitu isikatwe, zikalinda mahame. Na mwaka 1995 ikafunguliwa huko Kodiak nyumba ya vitu vya kale, Alutiiq Museum, mikononi mwa wenyeji wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu, atakaye kuponya pwani na aulize kwanza: Ni kipi kingali hai, tena ni cha nani?