JOTO NA BARIDI YA NYUMBA



Mtu wa Lamu afikaye Nairobi mwezi wa Julai hukutana na mambo mawili ya kumshangaza. La kwanza ni baridi yenyewe, kwa kuwa mji huo uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. La pili ni nyumba ya mabati: mchana humwunguza, usiku humtetemesha, na chumba ni kile kile. Huko kwao nyumba haigeuki hivyo.

Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita hivi. Ukuta mnene hupokea joto polepole na kulitoa polepole, hata mchana wa jua kali ndani hubaki baridi. Katikati ya nyumba kuliachwa kiwanda kisicho na paa, nacho huingiza mwanga na kuipa hewa ya moto njia ya kupanda. Vichochoro vya mji ni vyembamba, basi nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Mafundi wale hawakuwa na mashine yo yote ya kupoza hewa, na kazi yao yasimama hata leo.

Bati ni kinyume. Kwa kuwa ni jembamba, hupata moto upesi na kupoa upesi. Mchana huwamwagia watu joto vichwani. Usiku, mbingu ikiwa wazi, hupoteza joto lake angani mpaka likawa baridi kuliko hewa yenyewe, ndipo asubuhi matone ya maji huonekana upande wake wa ndani. Dawa yake ni dari, hata iwe nyepesi, mradi pawe na nafasi ya hewa baina yake na bati. Tena paa likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua. Mwenye nyumba asemaye kuwa dari ni anasa, na alale yeye chini ya bati lake usiku mmoja wa Julai.

Lakini baridi hiyo ina hatari kubwa kuliko kutetemeka. Zamani katika nyumba ya mviringo ya Wakikuyu mafiga yalikuwa ndani, na moshi ulipenya katika nyasi za paa. Moshi ule uliumiza macho na vifua, wala haufai kusifiwa. Lakini hewa ilipita. Sasa desturi ile imehamia katika chumba cha mawe au cha bati, dirisha limefungwa, na kitambaa kimesukumwa chini ya mlango. Badala ya kuni huletwa jiko la makaa. Watu husema: makaa yamekwisha kuwa mekundu, hayana moshi, basi hayana dhara.

Hapo ndipo wanapokosea. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mwili hukosa hewa iufaayo ingawa mtu anavuta pumzi. Aliyelala huenda asiamke. Sufuria ya maji ikiwekwa kando ya jiko haisaidii kitu, kwa maana maji hayainyonyi sumu hiyo.

Basi jiko liwashwe nje, na wakati wa kulala libaki nje, hata kama yaonekana ni majivu matupu. Blanketi la pili ni rahisi kuliko sanda. Ikiwa watu kadhaa wa chumba kimoja wataumwa kichwa, wataona kizunguzungu au watatapika kwa wakati mmoja, na jiko limo ndani, wasidhani ni chakula. Wafungue mlango, watoke wote, wapelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe habari za jiko, kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria.