Ukiijenga Upya Tovuti, Usiwapoteze Wateja

Msikilizaji, leo nazungumza na wewe mwenye nyumba ya wageni, duka au karakana, unayetaka kuifumua tovuti ya zamani na kuijenga upya.

Kabla fundi wa tovuti hajafuta chochote, mwombe orodha ya anwani za kurasa zote zilizopo. Tuseme anwani ya ukurasa wa bei za vyumba ilikuwa inaishia na "bei", na sasa inaishia na "vyumba-na-bei". Kwako ni ukurasa uleule. Kwa Google ni ukurasa mwingine kabisa. Mgeni mwenye kiungo cha zamani atakutana na 404, yaani ukurasa haupo, naye atakwenda kwa jirani yako. Dawa ni kuielekeza kila anwani ya zamani kwenye mpya kwa agizo la kudumu, ambalo mafundi huliita 301. Google yenyewe inashauri liachwe lifanye kazi angalau mwaka 1. Na tafadhali, usikubali zote zirushwe kwenye ukurasa wa mwanzo. Anayetafuta bei apelekwe kwenye bei.

Kuna na hili linaloumiza wengi: wakati wa ujenzi, fundi huweka alama ya "noindex" ili tovuti isitokee kwenye matokeo ya utafutaji. Siku ya kuzindua, mwambie akuonyeshe kwamba ameiondoa. Kisha jisajili kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google, uwasilishe ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake. Humo utaona kurasa zipi zimekubaliwa na zipi zimekwama. Angalia kila wiki, hasa mwezi wa kwanza.