Njombe Mji na Ndoto ya Chuma

Msikilizaji wa Makambako, pale njia panda ya Songea, bila shaka unaukumbuka mwaka 2017. Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu, na Uwanja wa Sabasaba ukapata soka la wakubwa katika baridi ile ya kung'ata. Msimu mmoja tu! Mwaka 2018 ikashuka pamoja na jirani zao Majimaji.

Wapo wanaosema chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma yakichimbwa kule Ludewa, klabu itapata mfadhili. Mimi nasita. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi Shinyanga, ilishuka 2021. Mwaka huohuo Geita Gold, timu ya halmashauri yenye udhamini wa mgodi wa dhahabu, ikapanda. Ikamaliza ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, ikacheza hadi Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024, nayo ikashuka. Na dhahabu bado inachimbwa.

Njombe ina mbao, chai na parachichi. Viongozi wa soka wangebisha hodi huko kwanza, chuma kitawakuta njiani.