Dungusi: Ua kwa Huyu, Mwiba kwa Yule

Msikilizaji mpendwa, leo nimekuja kuitengua kauli yangu mwenyewe, au walau nusu yake.

Majuma matatu yaliyopita, katika kipindi hiki hiki, nilizungumzia ukame. Nikawahimiza wafugaji wa nchi kavu wapande dungusi, ule mmea wa miiba wenye mashina mapana kama viganja vya mkono, ambao wengine huuita mpungate na vijana wetu wa mjini huuita kaktasi. Nilisema wenzetu wa mbali wanaula, wanalishia ng'ombe na wanajengea nyua. Nikatoka studioni nikijiona nimenena.

Jumatatu iliyofuata, mlinzi wa langoni petu alikuwa akinisubiri. Ni mzee aliyenizidi miaka kama ishirini, mwenyeji wa kaskazini ya Laikipia, na hajawahi kuiingilia kazi yangu hata siku moja. Tulisalimiana, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, nilikusikia redioni. Uliwaambia watu wapande kitu kilichonimalizia mbuzi."

Nilisimama pale pale langoni nikamsikiliza. Dungusi la kwao lililetwa wakati wa ukoloni liwe ua wa boma. Likavuka ua. Nyani na ndovu hula matunda yake, wakazitawanya mbegu kila waendako, na kipande cha shina kikianguka chini huota mizizi. Sasa limefunika malisho. Mbuzi mwenye njaa hulivamia tunda jekundu, nalo lina vijimiiba vidogo kama nywele. Vinamchoma midomo, ulimi na utumbo. Wengine huingiwa na miiba machoni wakapofuka. "Mbuzi asiyeweza kutafuna," mzee akaniambia, "unamtazama tu akikonda mpaka afe."

Msikilizaji, sikuwa nimesema uongo majuma yale matatu yaliyopita. Lakini nilisema nusu ya habari, na nusu ya habari inaweza kuua mbuzi wa mtu.

Nusu niliyoisema ni hii. Asili ya dungusi ni Amerika. Huko Meksiko limo hata katika bendera ya taifa, tai akiwa ametua juu yake na nyoka mdomoni. Watu wa mashambani hukata mashina machanga, wakayaparua miiba, wakayachemsha au kuyachoma yakawa mboga. Matunda huliwa yakiwa mabichi au hupikwa yakawa mfano wa jemu. Na juu ya mmea huo huishi mdudu mdogo aitwaye kochinili, anayejifunika utando mweupe kama pamba. Ukimponda hutoa rangi nyekundu iliyokolea. Wenyeji walitia rangi nguo kwa mdudu huyo kabla Wahispania hawajafika, na Wahispania walipofika katika karne ya 16 waliigeuza rangi hiyo kuwa biashara kubwa ya baharini.

Kaskazini mashariki mwa Brazili, kwenye ukame mkali, wafugaji hupanda aina isiyo na miiba, wakaikatakata na kuwapa ng'ombe. Zile za porini zenye miiba huzibabua kwanza kwa moto. Siri ya mmea huu ni kwamba hufungua vinyweleo vyake usiku wakati wa baridi na kuvifunga mchana wa jua kali, kwa hiyo haupotezi maji ovyo. Sehemu kubwa ya shina lake ni maji. Ndiyo maana humsaidia ng'ombe kushinda kiu. Lakini lishe yake ni haba, na ng'ombe asiyechanganyiwa majani makavu huharisha.

Sasa nusu niliyoiacha. Twende kusini kabisa mwa kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, katika nchi ya Waantandroy. Huko dungusi lilifika katika karne ya 18 kwa mikono ya Wafaransa, nao wenyeji wakalifanya lao, wakaliita raketa. Walilizungushia vijiji na mazizi, likawa ukuta ambao mwizi wa mifugo hawezi kuupenya. Mwanzoni mwa karne ya 20, majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yakiitiisha sehemu hiyo, hata askari wenye bunduki walisumbuliwa na kuta hizo za miiba. Mvua zilipokosekana, wenyeji walibabua miiba kwa moto wakawalisha ng'ombe, na wao wenyewe wakala matunda. Kwao halikuwa magugu. Lilikuwa ghala, kisima na ngome.

Mwaka 1924, wadudu wa kochinili waliingizwa kusini magharibi mwa kisiwa hicho. Wakasambaa kama moto wa nyika. Kufikia mwaka 1929 dungusi la Waantandroy lilikuwa limekauka karibu lote. Kisha mvua zikakosekana. Ng'ombe wakafa, watu wakafa kwa njaa, na wengi waliosalia wakahama kwenda kutafuta vibarua mbali na kwao. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama wakubwa wa serikali ya kikoloni walikusudia balaa lile au walizembea. Palikuwa na maofisa waliolichukia dungusi na wengine waliolitetea. Wote walikuwa wakibishana juu ya chakula cha mtu mwingine.

Msije mkadhani hayo ni mambo ya kale tu. Katika Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, dungusi huitwa beles. Matunda yake huiva wakati wa mvua, pale ghala za nafaka zinapokuwa tupu na mavuno mapya hayajafika. Watoto huyauza kando ya barabara, na familia maskini huyategemea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kochinili alipelekwa huko ili watu wapate fedha za rangi. Mdudu akawatoroka, akasambaa na kuiangamiza mimea iliyokuwa ikiwalisha watu.

Na Laikipia je? Huko, katika miaka ya 2010, wataalamu walimleta jamaa wa mdudu huyo makusudi ili aliue dungusi lililofunika malisho. Mzee wangu wa langoni anasema mahali alipotua, dungusi hunyauka na nyasi zikarudi. Anamwombea mdudu yule maisha marefu. Lakini huko huko Laikipia viko vikundi vya akina mama walioamua kuyachuma matunda ya adui huyo, wakapika jemu na kukamua maji yake, na wengine wakayasaga mashina wakapata gesi ya kupikia.

Kwa hiyo, msikilizaji, mmea ni mzuri au mbaya? Mdudu ni rafiki au adui? Nimejifunza kwamba swali hilo halijibiwi studioni, wala katika ofisi ya mtaalamu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilimsimulia mzee habari ya Bukini. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza neno moja: "Waliulizwa?" Nikamjibu hawakuulizwa. Akatikisa kichwa. "Hata sisi," akasema, "ua ule ulipoletwa, hakuna aliyetuuliza."

Basi kauli yangu nairekebisha hivi. Anayetaka kupanda dungusi kwa ajili ya mifugo, atafute aina isiyo na miiba, na ajue mapema ni nani atakayelikata likianza kuvuka ua. Anayetaka kuliua kwa mdudu, kwanza awaendee wanaokula matunda yake, maana mdudu hajui mpaka wa wilaya. Na sisi wa mjini, wenye dungusi moja kwenye kopo barazani, tupunguze kuwafundisha walioishi nalo vizazi na vizazi. Mimi wa kwanza.

Asubuhi ya leo nilipopita langoni nilimwambia mzee kwamba nitalisema jambo lake hewani. Alicheka, akaniambia nisisahau kutaja mbuzi. Walikuwa kumi na mmoja.

Hadi juma lijalo, Mungu akipenda, kwaherini.