Kumrudishia Mwalimu Mashaka Yake: Kuhusu Tamthilia ya Televisheni ya Viongozi wa Taifa



Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaondoka Ikulu miaka tisa kabla. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, lakini huku Bara kizazi kizima kilimjua Rais wake kwa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, majirani wakiizunguka redio moja. Kwa hiyo yeyote atakayetaka kutunga tamthilia ya viongozi wetu atakuta utajiri wa sauti na uhaba wa picha. Naona hiyo ni bahati. Picha za zamani humwonyesha kiongozi akipunga mkono na kukata utepe. Sauti humwonyesha akifikiri: anasita, analirudia neno kwa mkazo mwingine, anaicheka hoja kabla hajaivunja.

Huko kusita ndiko ninakotaka tamthilia yetu ianzie. Hofu yangu ni kwamba siku fedha zikipatikana tutatengeneza sanamu inayotembea. Vishawishi vipo. Kanisa Katoliki lina mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa mwenye heri, na wanasiasa wa kila upande humnukuu wanapotaka kushinda mabishano. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpa mstari wa kusema, "Sijui."

Lakini Mwalimu mwenyewe alijua mchezo wa kuigiza unavyomtendea kiongozi. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mchezo ule una jina la Kaizari, lakini Kaizari anauawa katika sehemu ya tatu, na anayeubeba mchezo ni Brutus, rafiki anayeshika kisu huku akiamini anaiokoa nchi. Kiongozi wa nchi changa alikaa na maandishi hayo, akayatia katika Kiswahili mstari kwa mstari. Hatuhitaji ruhusa kubwa zaidi ya hiyo ya kuwapa nafasi waliompinga.

Chukueni mkutano wa TANU, chama cha Mwalimu, huko Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nchi ina Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu kiasi cha elfu 20. Tena si kila mtu anaruhusiwa kupiga kura. Kuna masharti ya kipato, elimu au cheo. Wajumbe wengi wa TANU wamefika mkutanoni na hasira, na hasira yao ina haki: tususie. Mwalimu anataka waingie.

Leo tunajua kilichofuata. TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda Septemba 1958 na tena Februari 1959, na historia ya chama ikaupa uamuzi ule jina la Uamuzi wa Busara. Mwandishi wa mswada akianza na jina hilo mkononi, kipindi kimekufa kabla ya kurekodiwa. Kila anayepinga atakuwa mpumbavu, na sote tutakaa tukimsubiri Mwalimu amalize kuwa sahihi. Kazi ya mwandishi ni kuufunga mlango wa Februari 1959 na kutubakiza ukumbini na watu wasiojua.

Humo yumo Zuberi Mtemvu. Alikuwa kati ya watendaji wa mwanzo wa TANU, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ukishiriki mchezo ambao sheria zake ni za dharau, umeikubali dharau. Alishindwa, akajitoa, akaanzisha African National Congress. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Mwalimu, na kura zake hazikufika asilimia 2. Wengi wenu mnaonisikiliza pengine hamjawahi kulisikia jina lake darasani. Kwenye tamthilia, hoja yake iandikwe vizuri kiasi kwamba mtazamaji aliyeko sebuleni Mbeya au Tanga aone kwamba angemuunga mkono yeye.

Mfano wa pili ni alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito walipoasi. Mwalimu alifichwa. Aliyekwenda kuzungumza na askari ni Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Kamera ikae na nani? Na Kambona, bila shaka. Tukishapita naye asubuhi ile, hatutaridhika na neno moja jepesi mwaka 1967 anapokimbilia Uingereza, asirudi hadi 1992. Vivyo hivyo kwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam kwa maelfu katika TANU, kisha akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Vipindi hivyo vitawauma watu walio hai. Viandikwe hata hivyo, na familia zisikilizwe mapema, kabla mswada haujakamilika.

Mtaniuliza mpaka wa ubunifu uko wapi. Swali hili halikuanza na sisi. Novemba 2012 Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uturuki, aliishutumu hadharani tamthilia ya Sultani Süleyman, na mwaka 2022 Netflix iliweka maelezo kwenye tangazo la The Crown, tamthilia ya familia ya kifalme ya Uingereza, kwamba ni maigizo yaliyobuniwa. Msimamo wangu ni huu: maneno ya chumba cha faragha yabuniwe, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika, lakini tendo lililomwumiza au kumnufaisha mtu lisibuniwe kamwe.

Na mafundi waheshimu mambo madogo. Meno ya mbele ya Mwalimu yalichongwa kwa mila ya Wazanaki. Mpambaji asijaribu kuyanyoosha. Suti ya kola ya Kichina aliyoivaa baadaye haina kazi Tabora mwaka 1958.

Fedha zetu ni chache, nami sishauri tuanze na vita vya Kagera na vifaru vyake. Tuanze na vipindi sita vya Tabora: ukumbi mmoja, joto, watu wanaobishana kwa Kiswahili kizuri. Nawaomba wenye dhamana ya mikanda ya Radio Tanzania waifungue kwa waandishi wetu vijana. Nanyi mtakaogawa sehemu za kuigiza, ya Mtemvu mpeni mwigizaji bora kuliko wote mlio nao.