Uwanja wa Gofu wa Kearney Hill



Mmeniomba niwape habari za uwanja wa gofu niliouchezea huko Marekani, katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky. Ulifunguliwa mwaka 1989, nao ulichorwa na Pete Dye pamoja na mwanawe. Miti ni haba, vilima vyapanda na kushuka kama mawimbi, na upepo hauna adabu. Jirani yake ni mashamba ya farasi. Chini ya ardhi ile yako mawe ya chokaa, na majani yaotayo juu yake husifiwa kwa kuwatia farasi mifupa migumu. Kwa mchezo wangu mwenyewe, sitaficha: mipira mitatu niliiacha majanini.

Lakini lililonikaa moyoni ni jingine. Uwanja huu ni mali ya mji. Karani alipaye ada yake huingia sawasawa na tajiri. Haikuwa hivyo daima. Chama cha wachezaji gofu wa kulipwa wa Marekani kiliweka sheria mwaka 1934 ya kupokea Wazungu tu, wala haikufutwa hata mwaka 1961.

Na farasi je? Mbio za kwanza za Kentucky Derby, mwaka 1875, zilikuwa na wapanda farasi 15, na katika hao 13 walikuwa watu weusi. Isaac Murphy alishinda mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891. Baadaye wenziwe wakasukumwa nje, mmoja mmoja. Kaburi lake liko Lexington; nililizuru jioni ile ile, viatu vyangu vingali na majani ya uwanjani.