UKIKAMATWA NG'AMBO YA SONGWE, NANI ATAKUSEMEA?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wa mji wa Tukuyu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mpaka wetu na Malawi. Mstari upite wapi ziwani, hilo wakubwa wamelijadili miaka mingi na posho wamelipwa. Mimi nataka kumzungumzia mtu mmoja tu: yule aliyekamatwa upande wa pili. Nani anamsemea? Kwa haraka gani? Na kwa nini wengine husemewa na wengine wakaachwa waoze rumande?

Ng'ambo ya Songwe wako Wangonde. Ukiwasalimia Kinyakyusa wanakuitikia. Ndiyo maana kijana wa Rungwe anavuka na ndizi zake kama anayekwenda kwa mjomba. Lakini askari haangalii ujomba, anaangalia karatasi. Hapo ndipo shida inapoanza.

Nianze na mambo yaliyotokea hapa hapa. Mwaka 1914 mji huu uliitwa Neu Langenburg na ulitawaliwa na Mjerumani. Karonga alikaa Mwingereza. Wakubwa hawa wawili wa wilaya walikuwa wakiandikiana barua kama majirani. Agosti 13, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen, chini ya kamanda Rhoades, ilifika Liuli na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa akifahamiana vizuri na Rhoades. Akapanda mtumbwi kwa hasira kwenda kumwuliza kama ana wazimu. Alipofika akaambiwa: kuna vita, umekamatwa! Alikuwa hajui.

Mtawala wa hapa Tukuyu naye alikuwa gizani. Ikabidi amwandikie barua mwenzake wa Karonga kumwuliza: hivi nchi yako na yangu zinapigana au hazipigani? Fikirini hilo. Ulaya wameshaamua, mtu ameshakamatwa, na mkubwa wa wilaya ndiyo kwanza anauliza.

Barua zikaisha, zikaanza bunduki. Septemba 9 mwaka huo huo jeshi la Wajerumani kutoka Masoko, likiongozwa na Kapteni von Langenn-Steinkeller, liliishambulia Karonga, likapigwa na kurudishwa. Mei 1916 Waingereza wakaingia Tukuyu. Na sisi? Babu zetu walishikwa vijijini kwa nguvu wakabebeshwa mizigo ya jeshi, pande zote mbili. Kule Malawi wapagazi hao waliitwa tengatenga. Wengi hawakurudi. Sasa angalieni: jina la Berndt limo kwenye vitabu hadi leo, kwa sababu alikuwa na cheo na nchi iliyomhesabu. Babu aliyefia njiani na sanduku la risasi kichwani, jina lake liko wapi? Mtu ambaye hakuandikwa popote hana wa kumwulizia.

Tuje kwenye zama zetu. Ugomvi wa ziwa chanzo chake ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Malawi inasema mkataba uliweka mpaka ufukweni kwetu. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji. Mwaka 2012 moto uliwaka upya kwa sababu ya utafutaji wa mafuta. Viongozi wa pande zote mbili wakatunisha misuli. Oktoba mwaka huo Rais Joyce Banda alisimamisha mazungumzo, akilalamika kwamba wavuvi wake wananyanyaswa na vyombo vya dola vya Tanzania. Ikabidi waitwe wazee: Joaquim Chissano wa Msumbiji, Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana.

Nawauliza: kati ya mafuta na wavuvi, kipi kilivunja kikao? Wavuvi! Mtu mmoja mwenye nyavu, akinyanyaswa na askari mwenye silaha, anaweza kusimamisha mkutano wa marais. Basi asije mtu akatuambia kwamba kukamatwa kwa mlalahoi ni jambo dogo.

Desemba 2016 ikawa zamu yetu. Watanzania wanane kutoka Ruvuma walikamatwa wilayani Karonga, kwenye mgodi wa urani wa Kayelekera. Wao walisema wamekwenda kujifunza madhara ya urani, maana nyumbani kwao nako kuna mradi wa madini hayo. Polisi wa Malawi wakawatilia shaka ya ujasusi. Wakapelekwa gereza la Mzuzu. Februari 2017 mawaziri wa nchi mbili walikutana Lilongwe katika tume ya pamoja. Aprili mahakama ikawatia hatiani, ikawapa kifungo cha nje, wakarudi nyumbani.

Walirudi, tunashukuru. Lakini ilikuwa karibu miezi minne. Na hao walikuwa kundi, walikuwa na watu wa kuwaulizia, na magazeti yaliwaandika. Wewe uliyevuka peke yako na mikungu mitano, bila kumwaga mtu, itakuwa miezi mingapi?

Vijana wenzangu, iko sheria. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya mambo ya ubalozi, ibara ya 36, unasema mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe. Akitaka, lazima ujulishwe. Maofisa wa ubalozi wana haki ya kumtembelea na kumtafutia wakili. Sisi tuna ubalozi Lilongwe. Kwa hiyo neno la kwanza ukishikwa si kubishana, wala si kutoa chochote mfukoni. Sema: mimi ni Mtanzania, naomba ubalozi wangu ujulishwe. Ulisema kwa Kiingereza, kwa Kiswahili au kwa Kingonde, ni haki ile ile.

Lakini kabla ya hapo, vuka na hati ya safari. Gonga mhuri Kasumulu. Acha nyumbani karatasi yenye jina lako kamili, unakokwenda na siku ya kurudi. Siku ikipita, nyumbani wasikae wakilia. Waende kwa mtendaji na karatasi hiyo, na wadai ipigwe mhuri wa kupokelewa.

Sasa niwageukie wakubwa. Taarifa ya mtu aliyekamatwa inapita kwa mtendaji, inakwenda wilayani, mkoani, wizarani, ndipo ivuke kwenda Lilongwe. Kila meza ina usingizi wake. Karonga ni hapo tu! Mkuu wa wilaya hawezi kuinua simu akaongea na mwenzake? Mwaka 1914, bila simu, mkubwa wa Tukuyu alimwandikia mkubwa wa Karonga. Leo tuna simu mpaka porini.

Tunasikia kuna mikutano ya ujirani mwema. Vizuri. Ajenda ya kwanza iwe orodha ya waliokamatwa, majina yao, kosa na tarehe, wetu walioko kwao na wao walioko kwetu. Isiwe kikao cha kupiga picha, kula pilau na kutawanyika.

Nimesema na wao walioko kwetu, na najua wengine hapa mmenuna. Mmalawi akishikwa kwetu akapigwa, akanyimwa kuwasiliana na ubalozi wake, tutafungua mdomo gani siku kijana wa Rungwe akishikwa Karonga? Tukitaka wetu wasemewe, wa wenzetu tuwaache wasemewe.

Kwa hiyo nawaachia kazi mbili. Kila anayevuka aandike jina lake kabla hajavuka. Na sisi tunaobaki tuulize, kwa sauti, kila mwenzetu anapochelewa kurudi.